Kitufe cha Kumkataa Bibi

Jumatatu, 4 Juni

Mjukuu wangu,

Nani alikupa ruhusa ya kunisimamisha mbele ya watu nisiowajua, niwe naombaomba? Usinijibu kwa simu. Simu nimeizima na kuitia kwenye droo ya vijiko. Kwenye simu unacheka, unaniita mke wangu, mimi nalainika, tunaishia kuongea habari za magoti yangu. Safari hii utakaa kitako uandike, kama ninavyoandika mimi niliyeishia darasa la nne, na barua utampa dereva wa basi la vifurushi kama ninavyompa mimi.

Jana jirani yangu alikuja, yule mwalimu mstaafu. Nikamsogezea kiti, hakukaa. Akaninyooshea simu yake.

"Jirani, nimekukosea nini?"

"Kwani vipi?"

"Nimenunua foronya. Nimechagua, nimelipa, nimemaliza, naivua miwani yangu niweke simu chini, mara unanitokea wewe. Unaniambia nisiondoke hivi."

Nikaitazama. Ni mimi. Dirisha langu, kitambaa changu cha kichwani cha siku ya kufua, mikono nimeikunja kifuani. Juu limeandikwa jina la mwalimu wa watu, herufi kubwa kabisa, halafu: *Mwanangu, usiondoke hivi. Chukua na blanketi.* Chini kuna kitufe kipana cha kijani, *Sawa Bibi*. Na chini ya hicho kijimaandishi cha kijivu, chembamba, kama kimeandikwa na mtu anayejificha: *Hapana, simsikilizi Bibi.* Pembeni kisaa kinahesabu kurudi nyuma, sijui kinamkimbiza nani.

"Ukabonyeza wapi?" nikamuuliza.

"Ungebonyeza wapi wewe? Nakusalimia kila asubuhi. Nikuandikie kwamba sikusikilizi? Blanketi limefika na sina pa kuliweka."

Akaondoka na hakunywa hata maji. Mwanamke aliyenizoea tangu wewe una meno ya utoto.

Ile picha ulisema unaitaka kwa ajili ya ukuta wa chumbani kwako. Nikasimama dirishani kama mjinga, ukaniambia nikunje mikono, nikakunja. Huo ndio ukuta wako?

Sikiliza. Mimi simwombi mtu abaki. Anayeijua nyumba hii anajua hilo. Hata mama yako alipoondoka na yule fundi wake wa majokofu, akakuacha hapa na begi lako la shule, sikumwomba. Nilimwambia achague, akachagua, na tangu siku hiyo hajakanyaga hapa wala mimi sijamtafuta. Sasa mwanamke ambaye hakumwomba mwanawe wa kumzaa, wewe unamfanya awaombe wanunuzi wa foronya.

Utoe uso wangu humo. Mpaka uutoe, sikuiti mume wangu, na usithubutu kuniita mke.

Bibi yako

---

Ijumaa, 8 Juni

Shikamoo Bibi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunga mlango wa choo cha ofisini ili wenzangu wasinione uso. Naomba unisikilize kwanza, halafu nichape.

Kazi yangu ni hii. Mtu akishanunua na kulipa katika duka la mtandaoni, kabla hajaonyeshwa ukurasa wa asante, kuna nafasi katikati. Ukurasa wa malipo wenyewe si wetu, haturuhusiwi kuugusa. Wenye mtambo wametuachia kama dirisha tu, na sisi tunatengeneza kipande cha kuingia kwenye dirisha hilo: picha, maneno, kitufe. Kipande kinapewa mambo machache kuhusu mteja, yaani jina lake na alichonunua. Hapo tunamwonyesha kitu kimoja zaidi. Akikubali, kinaongezwa kwenye mzigo wake bila kuandika namba za kadi tena. Akikataa, anapita. Akikaa kimya mpaka muda uishe, ukurasa unasonga wenyewe hadi kwenye asante.

Kwa hiyo Bibi, hakuna aliyemlenga mwalimu. Kipande hakimjui mtu. Kinachukua jina lililo kwenye oda na kuliweka mbele ya maneno. Angekuwa daktari, angekuwa mwizi, angeambiwa hivyo hivyo.

Tulikuwa tumeweka picha ya kitanda kizuri chenye blanketi. Watu wakapita kama wanapita kwenye ukuta. Bosi wetu, yule dada mwenye sauti ndogo, akatuambia, "Nitafutieni mtu ambaye ni vigumu kumkatalia." Wenzangu wakaleta mapicha ya watoto, wengine paka. Mimi nikakuleta wewe. Bibi, wewe uliwashinda wote hao. Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Hilo la kitufe cha kijivu aliliongeza yeye mwenyewe.

Najua nilikudanganya kuhusu picha. Nilijua ungekataa.

Niko kwenye majaribio bado. Mwezi huu ukiisha wataamua kama nabaki au naondoka, na ukurasa wako ndio kitu pekee nilichonacho mkononi. Nivumilie mpaka hapo tu. Nikishapewa kazi ya kudumu, nitauomba utolewe kwa heshima, na nitakuja mimi mwenyewe kumwomba mwalimu radhi na kulibeba blanketi lake.

Maneno yale yalinijia tu. Usiyatafutie maana.

Mjukuu wako,
mume wako ukinisamehe

---

Jumanne, 12 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimepiga simu, imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikasema basi, mwenye kutuma ujumbe kwa njia yake ajibiwe kwa karatasi.

Nimekupata. Nilikuwa nanunua mapazia, tumehamia nyumba yenye madirisha makubwa na jua linatuamsha. Nimeshalipa, nangoja waniambie asante, nikakuona. Mwanzoni nilidhani simu imefungua picha zangu za zamani, lakini mimi sina picha yako ya uzee. Mama, umezeeka. Sikujua kitambaa kinakukaa hivyo siku hizi.

Halafu nikaona jina langu. Halafu *mwanangu, usiondoke hivi*.

Mume wangu alikuwa chini ya jokofu la watu, kichwa ndani, akasema, "Mbona umenyamaza?" Nikamwambia, "Mama ananiita." Akadhani napigiwa simu, akasema, "Si upokee."

Nilitaka kukuangalia kwa muda, lakini kisaa kilikuwa kinahesabu na nikaona unaondoka. Nikaogopa. Nikabonyeza. Nilipotambua kitufe chenyewe kimeandikwa *Sawa Bibi* ndipo nikaelewa ni nani aliyekusaidia, maana katika familia hii anayekuita Bibi ni mwanangu peke yake, na kazi yake ni hizo kurasa. Nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu mama hata kwa kunyenyekea lazima apitie dukani.

Miaka yote nilikuwa nasema, akinyanyua kidole kimoja tu, nitakwenda. Umenyanyua.

Kwa hiyo nakuja. Jumamosi ya tarehe 23, basi la asubuhi. Nakuja na mume wangu. Siji bila yeye, na nadhani unalijua hilo, ndiyo maana hukuandika "njoo peke yako".

Jambo moja tu, Mama. Kama nimeelewa vibaya, kama ulikuwa utani wenu wewe na mjukuu wako, niambie kabla ya siku hiyo. Niambie hata kwa maneno makali, nimeyazoea. Usiniache nikafika mlangoni nikatazamwa kama nilivyotazamwa siku ile. Kufukuzwa mara ya kwanza nilikuwa na hasira ya kunisaidia kutembea. Sasa sina.

Nisipopata neno, nitajua ni kweli.

Mwanao

---

Alhamisi, 14 Juni

Wewe,

Shikamoo zako kaa nazo.

Nakutumia barua ya mama yako uisome. Isome yote. Ukimaliza, irudishe kwenye bahasha jinsi ilivyokuwa, maana ni yangu.

Umeona ulichofanya? Kipande chako kisichomjua mtu kimempata mtu. Kimemwita kwa jina lake, kwa uso wangu, na yeye ameitika. Anafunga mizigo. Anamwambia mume wake mama kaniita. Na mimi niko hapa jikoni na sufuria mkononi, sijamwita yeyote.

Na wewe unaniandikia nisiyatafutie maana. Uliyatoa wapi maneno hayo? Mimi wateja wako sikuwahi kuwaambia usiondoke hivi. Mimi namwambia mtu funga mlango, unaingiza vumbi. Ungeandika hivyo ningesema ni mimi, ningekasirika kidogo tu. Lakini hayo mengine si maneno ya kumwambia mwalimu aliyenunua foronya. Nijibu bila sukari. Wewe na mama yako mlipanga? Mmekaa huko mkaona Bibi kazeeka, tumvute kwa kamba bila yeye kujua?

Kama mlipanga, sema. Kama hamkupanga, basi mama yako amedanganywa na duka, na mimi ndiye nitakayemvunja moyo, tena kwa kosa lisilo langu. Yote mawili mabaya. Chagua lililo kweli.

Dereva anaondoka saa hizi, nimemwambia anisubiri, ananipigia honi. Mwache apige.

Bibi yako

---

Jumamosi, 16 Juni

Shikamoo Bibi, hata kama hutaitika.

Hatukupanga. Naapa kwa kaburi la baba. Mama nilimwambia kazi yangu ni kurasa za malipo, basi. Hakujua kama una picha popote. Mimi sikujua kama ananunua mapazia, na duka hilo si la kwao huko, sikufikiri atalifikia.

Umeniuliza maneno niliyatoa wapi. Nilikudanganya pale pia.

Siku ile mama alipoondoka, mimi nilikuwa kwenye korido navaa viatu vya shule. Mlikuwa mmeshamaliza kusemezana. Nilimsikia akiburuta sanduku kwenye kokoto, nikasikia geti. Wewe ukafunga mlango. Ukaweka kiganja kwenye ubao wa mlango, ukasema, "Mwanangu, usiondoke hivi." Hukupaza sauti. Ulisema kama unamwambia mtu aliye karibu sana, na yeye alikuwa ameshafika barabarani. Halafu ukageuka, ukaniona, ukasema kiatu nimekivaa kinyume nikibadilishe.

Nikakibadilisha, nikaenda shule. Sikumwambia mtu. Sikumwambia hata mama, nilipokwenda kwao likizo. Nilidhani ukijua nimesikia utanichapa.

Bosi alipotuuliza, mtu asemeje ili mwenzake asiende, kila mmoja aliandika mambo ya punguzo na zawadi. Mimi sikuwa najua maneno mengine, Bibi. Ndiyo hayo tu niliyowahi kuyasikia.

Sasa nakuomba, na ninaandika nimepiga magoti ingawa huoni. Usimwambie mama. Mwache aje. Amesema asipopata neno lako atajua ni kweli, basi usimpe neno, hutakuwa umesema uongo. Akijua kwamba ukurasa ule unamwita *mwanangu* kila anayenunua shuka, atafungua mizigo yake na hatakuja tena, si mwaka huu wala mwingine. Namjua, kwa sababu nawajua nyote wawili.

Na la pili nililokuficha. Jumatatu ya tarehe 25 bosi anataka kukipeleka kipande chako kwenye maduka yote tunayoyahudumia, si lile la mashuka peke yake. Nikikitoa sasa bila ruhusa yake, sina kazi. Nikimwomba ruhusa, atakataa, na atampa mwingine akilinde. Nisaidie, sijui nifanyeje.

Mjukuu wako

---

Jumatatu, 18 Juni

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Ya kwenye korido tuachane nayo. Hukuwa na ruhusa ya kuyasikia.

Sasa nisikie mimi. Unanishauri ninyamaze, mwanangu aje, nimpokee kwa mdomo wa duka. Haya, amekuja. Amekaa, amelia, tumelia, tumekunywa chai. Kesho yake mwalimu anaingia, maana huyo habishi hodi, anamwambia, "Karibu binti, na wewe Bibi alikuambia usiondoke hivi? Mimi aliniuzia blanketi." Na mama yako ananitazama. Unaniona mimi hapo? Unaniona nikitafuta pa kuweka macho? Yeye atajua kwamba maneno aliyoyasafiria wamepewa watu wote waliopita, na mimi nilijua, nikanyamaza, nikampakulia chakula. Akiondoka hapo haji hata kunizika, na hatakuwa na kosa.

Unasema kunyamaza si uongo. Hayo ndiyo wanayokufundisha huko? Kumwacha mtu abonyeze mwenyewe, halafu useme alitaka?

Mimi nilikulea. Nilikutafutia ada, nikakutafutia na kiatu kila mguu wako ulipokataa cha zamani, na walimu wakakusifu akili. Sikukulea uwe mtu wa kumtega mwenzake kwa heshima aliyonayo. Yule mwalimu hakuwa anataka blanketi. Alikuwa hataki kunikosea. Mnajua hilo nyie, ndiyo maana mkaandika kile kijimaandishi. Mngeandika hapana, ikawa hapana, asante, kwaheri, ningewaona watu.

Kwa hiyo leo, si kesho, uutoe uso wangu. Usiombe ruhusa. Ruhusa ya uso wangu ninayo mimi, na bosi wako mwenye sauti ndogo hajawahi kuniomba. Mwambie mwenye uso amekataa. Kama kazi yako yote imesimama juu ya uso huo, basi haikuwa kazi yako, ilikuwa yangu, na mimi nimeiacha.

Ukipoteza kazi utatafuta nyingine. Usiniandikie kuniuliza itakuwaje. Niandikie kwamba imekwisha.

Bibi yako

---

Jumatano, 20 Juni

Bibi,

Imekwisha.

Nilikitoa jana asubuhi, wengine wakiwa hawajafika. Ilikuwa ni kufuta mistari na kubonyeza mara moja, kazi ndogo kuliko nilivyoiogopa. Sasa mtu akilipa, anapelekwa moja kwa moja kwenye asante. Nimejaribu mwenyewe. Nilinunua foronya, nikalipa, nikangoja, hukutokea.

Mchana bosi aliniita. Hakufoka. Aliniuliza kwa ile sauti yake, "Ni hitilafu, au ni wewe?" Bibi, alinifungulia mlango kabisa wa kusema ni hitilafu. Nikasema ni mimi. Nikasema mwenye uso amekataa. Akasema nichukue vitu vyangu nisije ofisini mpaka nitakapoitwa. Vitu vyenyewe ni kikombe na chaja. Sijui kama nitaitwa. Wenzangu walijifanya wanasoma skrini zao.

Nimekaa chumbani. Mama amenipigia, ameniuliza kama unapenda zaidi mkate mweupe au wa ngano nzima. Nilimwambia mweupe. Sikumwambia jingine, kwa sababu sijui umeamua nini na sina tena haki ya kukushauri. Anapanda basi Jumamosi. Chochote utakachomwandikia, ni lazima kiondoke na dereva wa kesho, la sivyo kitamkuta yuko njiani.

Mjukuu wako

---

Alhamisi, 21 Juni

Binti yangu,

Mtu mzima na mvi zako, bado unaamini kila kinachoandikwa kwenye simu?

Kaa chini usome, na usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho. Nakujua, wewe hukunja mapema.

Ule ukurasa haukutoka kwangu. Sikujua habari zake mpaka jirani alipokuja kunigombeza. Mwanao alinipiga picha kwa uongo, akaniweka dukani niuze mablanketi, na kila aliyenunua hata kitambaa cha kupigia deki aliitwa jina lake na kuambiwa mwanangu usiondoke hivi. Sikujua kama unanunua mapazia. Sikujua hata nyumba yako ina madirisha ya namna gani. Kwa hiyo aliyekuita siku ile alikuwa mashine, si mimi. Uliniambia nikuambie kabla ya safari, hata kwa maneno makali. Nimekuambia. Mwanao alinishauri nikufiche, nimemkatalia, na usimpige.

Sasa usisimame. Hujamaliza.

Maneno yenyewe ni yangu. Mashine haikuyabuni, na mwanao pia hakuyabuni. Niliyasema siku ile ulipoondoka na sanduku lako, ila wewe ulikuwa umeshapita geti, na mimi niliuambia mlango badala ya kukuambia wewe. Mtoto akanisikia, akayaweka moyoni miaka yote, akaja akawapa wenye duka kwa sababu hakuwa na mengine ya namna hiyo. Hili nimelisema mara moja. Ukifika usinitake nilirudie mbele ya watu.

Kuhusu mume wako. Nilisema mengi kuhusu yeye, na mengine yalikuwa kweli, alikuwa na nywele chafu. Lakini mtu aliyekaa na wewe muda wote huo, bila kukurudisha na bila kukukataza kunipenda, huyo simwiti fundi wa majokofu tena. Ni mkwe wangu. Mwambie nimesema hivyo, na mwambie asinijibu kwa hotuba, sipendi hotuba.

Mwanao amefukuzwa kazi, au ni kama amefukuzwa, wanajua wenyewe. Nilimwamuru mimi autoe uso wangu, naye akautoa na akasema mbele ya bosi wake kwamba ni yeye. Hakukuambia kwa sababu ya ile aibu ya ukoo wetu. Yuko chumbani kwake na kikombe chake, anajifanya anapumzika.

Sasa hutasema umeitwa na duka. Nakuita mimi, kwa mkono wangu, na mwandiko huu mbaya unaujua. Jumamosi mpande basi la asubuhi, wewe na mkwe wangu. Msije moja kwa moja. Mshuke mjini, mpande ngazi mpaka chumbani kwa mwanao, mmwambie avae viatu, mje naye hapa wote watatu.

Mama yako